Tela kwa pikapu ya bodi fupi: Pima nafasi na uzito kabla ya kununua kiungo

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

WAFANYABIASHARA wa Miyuji mjini Dodoma wenye pikapu za milango minne, ambao wanafikiria kuzifungia tela ili kuongeza mzigo, wanashauriwa wasikimbilie kiungo cha sahani cha kufunga juu ya bodi kama kile cha malori ya semi. Kwa pikapu nyingi za bodi fupi kiungo hicho kinaongeza gharama, lakini hakiongezi tani.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni nafasi: bodi fupi haiachi umbali wa kutosha kati ya tela na kabini wakati gari linapokata kona. Ya pili ni uzito: kiungo cha sahani kinalaza sehemu kubwa ya mzigo wa tela juu ya pikapu yenyewe, na pikapu ya milango minne haina uwezo mkubwa wa kubeba hata kabla ya kufungiwa kitu chochote.

Suala hili linagusa mifuko ya watu wengi. Miyuji iko kaskazini mwa katikati ya mji, upande wa barabara iendayo Arusha, na kutoka hapo mfanyabiashara hufika kwa urahisi Msalato, Veyula na Makutupora, maeneo yanayojulikana kwa zabibu. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2018, imefungua njia ya mazao ya Kondoa. Upande wa mashariki, soko la nafaka la Kibaigwa liko umbali wa kama kilomita 90 kwenye barabara ya Morogoro.

Aidha, mji wenyewe umekua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 410,000 katika Dodoma Mjini, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Katikati ya sensa hizo mbili, mwaka 2016, Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, na ujenzi wa nyumba ukaongezeka. Saruji, mabati, maji na chakula vyote vinahitaji usafiri, na mwenye pikapu anaona kazi ikimpita kwa sababu bodi yake imejaa mapema. Ndipo wazo la tela linapokuja.

Viungo viko vya aina tatu

Anayetaka kuvuta tela kwa pikapu ana njia tatu.

Njia ya kwanza ni tufe la chuma linalofungwa nyuma ya gari, chini ya mlango wa bodi. Tela linakuja na kikombe kinachofunika tufe hilo na kujifunga. Hiki ndicho kiungo kinachoonekana zaidi kwenye magari madogo.

Njia ya pili ni kiungo cha sahani. Sahani ya chuma yenye mdomo inafungwa juu ya bodi, na pini iliyo chini ya pua ya tela inaingia kwenye mdomo huo na kukamatwa. Malori ya semi yanayopita Dodoma kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanatumia mfumo huu, na pini yake ya kawaida ina kipenyo cha inchi 2, yaani milimita 50.8. Ng'ambo kiungo hiki kinaitwa gurudumu la tano. Jina hilo limetoka enzi za magari ya kuvutwa na farasi, ambapo duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele liliiwezesha ekseli hiyo kugeuka. Nchini Marekani sahani ndogo za aina hii hufungwa kwenye pikapu kubwa kwa ajili ya kuvuta nyumba za safari.

Njia ya tatu ni tufe linalofungwa katikati ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma, ambalo hushikwa na tela lenye shingo ndefu na nyembamba. Mwili wa tela unaanzia nyuma ya pikapu na shingo peke yake ndiyo inayopita juu ya bodi.

Ni kweli kwamba kiungo cha sahani kina faida zake. Mzigo wa tela unakaa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, hivyo gari halinyanyuki mbele na tela haliyumbi ovyo kwenye mwendo wa kasi au upepo wa ubavuni. Kwa sababu hiyo baadhi ya wauzaji hukisifu kuwa ndicho bora kuliko vyote. Sifa hizo ni za kweli kwa gari lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Tatizo linaanza pale sifa za gari kubwa zinapouzwa kwa mwenye gari dogo.

Hesabu ya nafasi

Pikapu ya milango minne ya aina ya Toyota Hilux ina bodi yenye urefu wa kama mita 1.5. Pikapu ya jina hilohilo yenye milango miwili ina bodi ya kama mita 2.3. Zote mbili zina umbali wa kama mita 1.2 kutoka ekseli ya nyuma hadi mwisho wa bodi.

Sasa mfanyabiashara atoe. Kwa bodi ndefu, 2.3 kutoa 1.2 inabaki mita 1.1 kati ya ekseli na mbele ya bodi. Kwa bodi fupi, 1.5 kutoa 1.2 inabaki sentimita 30, na hata ukiongeza upenyo kati ya bodi na kabini unapata kama sentimita 35. Huo ndio umbali wote uliopo kati ya pini ya tela na kioo cha nyuma cha kabini.

Tela lenye upana wa mita 2 lina mita 1 kila upande wa pini. Gari likikata kona kali hadi tela likasimama ubavuni, yaani nyuzi 90, tela hilo linahitaji mita 1 kamili kutoka kwenye pini bila kugusa kabini. Bodi ndefu inaitoa nafasi hiyo kwa shida. Bodi fupi haiitoi. Kwa hesabu za pembetatu, hata tela ambalo pua yake haichomozi kabisa mbele ya pini litagusa kabini ya bodi fupi likigeuka nyuzi kama 20 tu. Pua ikichomoza, litagusa mapema zaidi, na ikichomoza zaidi ya sentimita 35 tela halifungiki kabisa.

Nyuzi 20 ni kona ndogo. Dereva anayerudi nyuma kushusha magunia kwenye vichochoro vya soko la Majengo anazipita bila kufikiri. Matokeo yake ni kioo cha nyuma kuvunjika na kona ya kabini kubonyea, na kabini ya milango minne si kitu cha kurekebishwa kwa fedha za mchana mmoja.

Watengenezaji wa ng'ambo wanalijua tatizo hili na wameleta sahani inayoteleza. Dereva anapotaka kukata kona kali, sahani inarudishwa nyuma kwa kiasi cha sentimita 25 hadi 30, kisha inarudi mbele kwa ajili ya safari. Ziko za kusogeza kwa mkono na ziko zinazojisogeza zenyewe. Hata hivyo, kwa bodi yenye sentimita 35, kuongeza 30 kunampa mtu 65 tu, na tela la mita 2 litagusa kabini likifika nyuzi kama 40. Aidha, sahani ikiwa nyuma uzito unatoka juu ya ekseli, hivyo hali hiyo ni ya kukata kona taratibu, siyo ya kwenda nayo Kibaigwa.

Ikumbukwe pia kwamba sahani hizo za kuteleza zilibuniwa kwa pikapu kubwa za Marekani, ambazo bodi yake iitwayo fupi huanzia kama mita 1.7 na kuendelea. Reli zake za kufungia zimetobolewa kufuata chasisi za magari hayo. Anayeagiza kwa kuangalia picha anaweza kuletewa chuma ambacho fundi wa Dodoma atalazimika kukikata na kukichomelea upya, na kiungo kilichokatwa hakina tena dhamana ya aliyekitengeneza.

Hesabu ya uzito

Nafasi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni uzito, na hapo ndipo wengi hupotea kwa sababu husoma namba moja tu, ile ya uwezo wa kuvuta.

Pikapu ina namba mbili. Iko ya kuvuta na iko ya kubeba. Pikapu ya milango minne inaweza kuruhusiwa na kiwanda kuvuta tela la tani 3 au zaidi lenye breki zake, lakini uwezo wake wa kubeba ni karibu tani 1 tu, na tani hiyo inajumuisha dereva, abiria, kiungo chenyewe na sehemu ya tela inayolalia gari. Namba halisi za kila gari ziko kwenye kitabu chake na kwenye kibao cha kiwanda.

Kwa kawaida tela la tufe la nyuma hulaza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake juu ya gari. Tela la sahani hulaza asilimia 15 hadi 25. Tuchukue tela lenye uzito wa kilo 3,000 likiwa na mzigo.

Kwa sahani, tukitumia asilimia 20, pikapu inalaliwa na kilo 600. Sahani na reli zake tuseme kilo 90. Dereva na watu wanne, kila mmoja kilo 75, ni kilo 375. Jumla ni kilo 1,065. Gari limeshapita tani yake wakati kwenye bodi hakuna hata gunia moja, na hata lingekuwepo lisingepata pa kukaa kwa sababu sahani imeshika nafasi.

Kwa tufe la nyuma, tukitumia asilimia 10, gari linalaliwa na kilo 300. Chuma cha kiungo tuseme kilo 30. Watu ni walewale, kilo 375. Jumla ni kilo 705. Zinabaki kilo 295 za kupakia kwenye bodi, ambayo iko wazi. Kwa mfanyabiashara wa zabibu hizo ni kreti kadhaa kila safari.

Hata hivyo, tufe la nyuma nalo lina ubaya wake na si haki kuuficha. Kwa kuwa liko mita 1.2 nyuma ya ekseli, linafanya kazi kama mtaimbo. Kwa gari ambalo umbali kati ya ekseli zake mbili ni kama mita 3.1, kilo 300 kwenye tufe zinanyanyua kama kilo 116 kutoka magurudumu ya mbele na kuzihamishia nyuma, hivyo ekseli ya nyuma inabeba kama kilo 416. Usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika juu. Pikapu za milango minne zilizojazwa mzigo mwisho wa bodi, kisha zikavuta tela zito kwenye njia za makorongo, zimewahi kupinda chasisi nyuma ya kabini. Kwa hiyo zile kilo 295 zipakiwe mbele ya bodi, karibu na kabini. Kabla ya kupakia, mwenye gari athibitishe pia kwamba kiwanda kimeruhusu kilo hizo 300 juu ya tufe, na kwamba mzigo wa ekseli ya nyuma haujapita kiwango chake.

Kwa upande wa shingo ndefu, nafasi si tatizo kubwa kwa sababu shingo ni nyembamba. Mwili wa tela ukianzia zaidi ya mita 1.5 nyuma ya tufe, hautagusa kona za nyuma za bodi. Fundi hodari wa kuchomelea anaweza kulitengeneza. Lakini uzito unaolalia gari ni uleule wa sahani, kwa hiyo kinachotatuliwa ni kioo cha kabini, siyo springi.

Hesabu ya fedha

Hapa tunatoa mfano wa hesabu tu, siyo bei ya soko. Kila mfanyabiashara aweke namba zake.

Tuseme tela la breki, kiungo cha tufe, waya za taa na usajili vinagharimu jumla ya sh. 9,000,000/-. Tuseme kukodi Canter kwa safari moja ni sh. 120,000/-, na safari hiyohiyo kwa pikapu na tela inakula sh. 70,000/- za mafuta, tairi na matengenezo. Faida ya kumiliki ni sh. 50,000/- kwa safari. Fedha iliyowekezwa itarudi baada ya safari 180.

Mwenye safari tatu kila wiki mwaka mzima atafika hapo katika wiki 60. Lakini zabibu za Dodoma huvunwa kwa misimu miwili kwa mwaka. Anayetegemea zabibu peke yake, tuseme wiki nane kila msimu na safari tatu kwa wiki, ana safari 48 kwa mwaka, na atahitaji miaka mitatu na miezi tisa.

Akiongeza sh. 4,000,000/- kwa ajili ya sahani ya kuteleza na kazi ya fundi, ameongeza safari 80, ambazo kwake ni mwaka mmoja na miezi minane mingine. Kwa muda huo wote tani anazobeba hazikuongezeka, maana kikomo kilikuwa ni pikapu, siyo kiungo.

Kama fedha ni za mkopo, mambo yanabana zaidi. Riba ya asilimia 18 kwa mwaka juu ya sh. 9,000,000/- ni sh. 1,620,000/- katika mwaka wa kwanza, kabla deni halijapungua. Safari 48 zinaokoa sh. 2,400,000/-. Anabaki na sh. 780,000/- za kupunguzia deni la milioni tisa. Mwenye hesabu hiyo ni afadhali aendelee kukodi lori kipindi cha mavuno.

Sheria na usalama

Pikapu peke yake kwa kawaida haifikii tani 3.5. Ikishafungwa tela la tani 3, jumla yake inapita tani 5. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2013, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inagusa magari ya kuanzia tani 3.5, na hayo yanatakiwa kupita mizani. Ni vyema kuuliza kwenye mizani za TANROADS kabla ya kununua, kuliko kuulizwa huko tela likiwa limejaa. Tela nalo linasajiliwa na kupewa namba yake, na bima ya gari isichukuliwe kuwa inalifunika tela bila kuthibitisha kwa wakala.

Breki ni jambo la pili. Watengenezaji wengi wa pikapu wameweka kilo 750 kuwa mwisho wa tela lisilo na breki zake. Anayebeba tangi la maji la lita 2,000 amebeba kilo 2,000 kabla ya kuhesabu chuma cha tela, na maji yanayocheza kwenye tangi lisilojaa yanasukuma gari mbele dereva anapofunga breki. Wanaoleta mazao kutoka upande wa Babati wana miteremko ya Bereko na Kolo ya kufikiria pia.

Tatu, vipimo. Liko tufe la milimita 50 na liko la inchi 2, ambalo ni milimita 50.8. Kwa macho yanafanana, lakini kikombe kilichotengenezwa kwa ajili ya moja hakikai sawasawa kwenye jingine. Hali kadhalika taa: pikapu hutumia umeme wa volti 12 na malori mengi volti 24, hivyo balbu za lori zikiwekwa kwenye tela la pikapu zitawaka kwa unyonge na anayefuata nyuma usiku hataziona vizuri. Mnyororo wa usalama kati ya gari na tela usikosekane.

Nne, kibao. Kiungo kilichopimwa kwa viwango vya Umoja wa Mataifa kina kibao chenye herufi D na S. S ni kilo zinazoruhusiwa kulalia tufe. D ni nguvu ya mvuto: zidisha tani za gari kwa tani za tela, gawa kwa jumla yake, kisha zidisha kwa 9.81. Gari la tani 3 na tela la tani 3 vinahitaji D isiyopungua 14.7. Kiungo kisicho na kibao kinauzwa kwa maneno ya muuzaji tu.

Nani anunue nini

Kwa mzigo usiofika kilo 750 pamoja na tela lenyewe, tufe la nyuma linatosha na mtaji wake ni mdogo.

Kwa tela la kati ya kilo 750 na tani 2, tufe la nyuma bado ndilo chaguo, ila tela liwe na breki, mzigo upangwe ili sehemu ya mbele iwe nzito kidogo kuliko ya nyuma, na bodi isipakiwe hadi mlangoni. Tela la tani 3 kama lile la mfano liwe la mwenye gari ambalo namba zake zote zinaruhusu.

Anayebeba zaidi ya tani 2 za bidhaa kila siku amevuka mpaka wa pikapu ya milango minne. Kwake swali si kiungo gani, bali kama aiuze pikapu na kutafuta lori dogo, au akodi.

Kiungo cha sahani kibaki kwa mwenye gari la bodi ndefu na springi za kazi, ambaye ameshapima kwamba kutoka ekseli hadi kabini kuna nafasi inayozidi nusu ya upana wa tela, na kwamba kati ya ukingo wa bodi na tumbo la tela kuna upenyo wa kama sentimita 15, ili visigongane gari linaposhuka kwenye korongo.

Vipimo hivyo vyote vinahitaji futi ya fundi, kibao cha gari na nusu saa ya kazi. Vifanyike kabla ya kutoa malipo ya awali, kwa sababu bodi zilizotobolewa na chasisi zilizochomelewa hazipati bei nzuri pikapu inaporudishwa sokoni.